Kikosi changu cha MLB Showdown kina majina makubwa, mbona nafungwa?

"Salamu mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja karibu na Lugazi. Mkufunzi wa kujitolea kutoka Marekani alipomaliza muda wake alituachia sanduku la kadi za MLB Showdown, mchezo wa besiboli unaochezwa kwa kadi na dadu, toleo la 2000, pamoja na dadu mbili. Mvua ikinyesha na uwanja ukajaa maji, tunacheza kadi darasani. Kila kadi ina pointi zake, nami nimeunda kikosi cha pointi 4,990 kati ya 5,000 zinazoruhusiwa. Nguzo yangu ni mpigaji maarufu Mark McGwire, nina mrushaji mmoja ghali sana kwa pointi, na wapigaji wengine nimewachagua kwa kuangalia nani ana namba nyingi za homurani (pigo linalomrudisha mpigaji mwenyewe nyumbani) kwenye jedwali la matokeo la kadi yake. Hata hivyo nafungwa na kijana wa Senior Two ambaye majina ya kikosi chake sijawahi kuyasikia. Tumecheza mechi 9, ameshinda 7. Sasa mwalimu mwenzangu anataka nimpe Edgar Martinez, ambaye namweka benchi tu, anipe Sammy Sosa. Na kuna mtu Kampala anauza kadi ya mrushaji shilingi 150,000, anasema nikiwa naye sitafungwa tena. Je, kikosi changu ni kibaya kweli au ni bahati ya dadu? Nibadilishe nini?"

Mwalimu, salamu nimezipokea. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama unafungwa na dadu au na kikosi, kama umtoe Edgar Martinez, na kama ufungue pochi. Nikupe majibu mafupi kwanza ili usisome ukiwa na wasiwasi. Dadu ina mkono wake, ila haitoshi kueleza yote. Edgar asiondoke, na benchi siyo mahali pake. Shilingi 150,000 zibaki mfukoni kwanza. Sababu ni ndefu kidogo, na inahitaji kalamu na ukurasa mmoja wa daftari.

Tuanze na dadu, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa kila mahali. Kama wewe na kijana wako mngekuwa na vikosi vinavyolingana kabisa, kila mechi ikawa nusu kwa nusu, uwezekano wa yeye kushinda mechi 7 au zaidi kati ya 9 ni karibu 9 kwa 100. Si jambo la kila siku, lakini si muujiza pia. Kwa hiyo matokeo hayo peke yake hayathibitishi kwamba kikosi chako ni kibovu. Yanakuambia tu kuna harufu ya kitu, ukachunguze. Besiboli yenyewe iko hivyo. Mwaka 2015 watoto wa Uganda waliifunga Jamhuri ya Dominika 4-1 pale Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, lakini hakuna aliyesema tangu siku hiyo kwamba Uganda ina wachezaji bora kuliko nchi iliyomzaa huyo huyo Sosa unayemtamani. Mechi moja ni mechi moja.

Kabla hatujaiacha dadu: ya pande 20 iliyokaa miaka mingi kwenye sanduku inaweza kuwa na kasoro. Koroga chumvi nyingi kwenye glasi ya maji mpaka dadu ielee, kisha isukume kwa kidole mara nyingi uone kama upande uleule ndio unaorudi juu. Ikiwa ndivyo, tupa hiyo dadu. Na nyote wawili mtumie dadu moja, si kila mtu na yake.

Sasa tuje kwenye kikosi. Umesema ulichagua wapigaji kwa kuangalia namba za homurani kwenye jedwali. Hapo ndipo ninapoona tatizo, na si lako peke yako. Karibu kila anayefungua pakiti ya kadi hizi kwa mara ya kwanza hufanya hivyo, kwa sababu jedwali ndilo lenye maandishi mengi na HR, yaani homurani, ndiyo herufi zinazosisimua. Lakini jedwali la mpigaji halisomwi kila anaposimama kupiga. Linasomwa pale tu aliposhinda dadu ya kwanza.

Wewe unaujua mchezo, ila vumilia niupitie polepole, maana kila kitu kimo humo. Mrushaji anatupa dadu ya pande 20, anaongeza Control, namba ya ubora wake iliyoandikwa kwenye kadi. Jumla ikizidi On-Base, namba ya kufika besi iliyo kwenye kadi ya mpigaji, mrushaji ameshinda, na dadu ya pili inasomwa kwenye jedwali la mrushaji, ambalo limejaa auti, yaani mpigaji kutolewa. Jumla ikiwa sawa na On-Base au pungufu, mpigaji ndiye aliyeshinda, na dadu ya pili inasomwa kwenye jedwali lake, ambalo limejaa mambo mazuri. Kwa hiyo kila pambano ni dadu mbili, na ile ya kwanza ndiyo inayoamua ni karatasi ya nani itakayofunguliwa.

Mpigaji mwenye jedwali zuri na On-Base ndogo ni kama taksi mpya iliyoegeshwa nyuma kabisa ya paki: viti safi, redio nzuri, lakini zamu yake ya kupakia haifiki, na jioni dereva anarudi nyumbani bila kitu.

Tuchukue kadi mbili za kufikirika ili tusibishane kuhusu majina. Kadi ya kwanza, tuiite ya Kijana, ina On-Base 11. Kwenye jedwali lake namba 1 hadi 5 ni auti, na homurani ni 20 peke yake. Kadi ya pili, tuiite ya Mwalimu, ina On-Base 8, auti ni 1 hadi 3 tu, na homurani zinaanzia 18. Ukiziweka juu ya dawati, ya Mwalimu inang'aa: auti chache, homurani mara tatu. Sasa walete wote wawili mbele ya mrushaji mmoja mwenye Control 4, ambaye jedwali lake ni auti kuanzia 1 hadi 16.

Kwa kadi ya Kijana, On-Base 11 toa Control 4 ni 7. Hizo 7 ndizo namba za dadu ya kwanza zinazompa ushindi. Zidisha na namba zisizo auti kwenye jedwali lake, ambazo ni 15: unapata 105. Namba 13 zilizobaki za dadu ya kwanza zinakwenda kwa mrushaji, na kwenye jedwali la mrushaji kuna namba 4 zisizo auti: 13 mara 4 ni 52. Jumlisha: 157. Gawanya kwa 400, ambazo ni njia zote za dadu mbili za pande 20, na utaona anafika besi mara 39 hivi kwa 100.

Kwa kadi ya Mwalimu, 8 toa 4 ni 4. Mara 17 ni 68. Zilizobaki 16 mara 4 ni 64. Jumla 132, yaani mara 33 kwa 100.

Umeona? Kadi inayong'aa imeachwa nyuma kwa hatua 6 katika kila mia. Na homurani zake? Dadu ya kwanza anashinda mara 4 kati ya 20, kisha homurani ni 3 kati ya 20: hiyo ni homurani 3 kwa kila mara 100. Yule wa Kijana anapata 7 kati ya 20 mara 1 kati ya 20, karibu 2 kwa 100. Tofauti ya homurani, ambayo kwenye jedwali ilionekana mara tatu, mezani imebaki kama moja na robo kwa mia. (Nimeacha homurani za kwenye jedwali la mrushaji kwa sababu ni chache mno na zinawahusu wote wawili.)

Ukitaka kanuni ya kubeba kichwani, ni hii. Mpigaji wa kawaida mwenye On-Base 10, auti 1 hadi 4, mbele ya mrushaji yuleyule, ana nafasi 152 kati ya 400. Mwongezee On-Base moja tu, zinakuwa 164. Badala yake mpunguzie auti moja kwenye jedwali, zinakuwa 158. On-Base moja imeongeza 12, auti moja pungufu imeongeza 6. Hatua moja ya On-Base ina uzito wa hatua mbili za jedwali, na wewe umekuwa ukinunua jedwali.

Hapa kijana wako wa Senior Two anaanza kueleweka. Sina kadi zake mbele yangu, lakini sitashangaa ukikuta wale wachezaji asiowajua mtu wana On-Base 9, 10 na 11 tisa mfululizo. Na mfululizo ndio wenye nguvu, kwa sababu mbio, yaani alama za mchezo, hazipatikani kwa mtu mmoja kufika besi. Bila homurani, kwa kawaida unahitaji wapigaji watatu hivi wafuatane. Watatu wa 39 kwa 100 wakisimama mmoja baada ya mwingine, uwezekano wa wote kufika ni karibu 6 kwa 100. Watatu wa 33, ni 3.6. Tofauti iliyoonekana ndogo kwa mmoja imekua kwa watatu. Ndiyo maana kikosi chenye nyota mmoja na mashimo matatu hufungwa na kikosi kisicho na nyota wala shimo: McGwire anapopiga homurani yake, besi ziko tupu, unapata mbio moja, unapiga makofi, mchezo unaendelea.

Hapa nisimamishe kosa jingine kabla halijaanza. Usikimbilie kumuuza McGwire kwa sababu ya haya niliyosema. Kadi za toleo la 2000 zilitengenezwa kutokana na takwimu za msimu wa 1999, na msimu huo McGwire alipiga homurani 65, ni kweli, lakini pia alipewa besi bure mara 133, kwa sababu warushaji walimwogopa. Kiwango chake cha kufika besi kilikuwa .424. Mtu wa namna hiyo huja na On-Base nzuri pamoja na homurani zake. Tatizo si yeye. Tatizo ni wale ulioweka mbele yake. Waweke wenye On-Base kubwa nafasi ya kwanza na ya pili, yeye awe wa tatu au wa nne, na homurani ileile itakuletea mbio mbili au tatu.

Na angalia mwaka wa kadi. McGwire wa msimu wa 2000 aliumia goti, akacheza mechi 89 na kupiga homurani 32; msimu wa 2001, wa mwisho kwake, wastani wake wa kupiga ulikuwa .187. Jina lilelile, mtu tofauti kabisa. Mchezo huu ulitolewa na Wizards of the Coast kuanzia 2000 hadi 2005, kila mwaka na kadi zake, kwa hiyo mtu akikupigia simu akakuambia "nina fulani," swali lako la kwanza liwe "wa mwaka gani?"

Sasa Edgar na Sosa. Mwalimu mwenzako anajua anachokifanya, au ana bahati. Msimu wa 1999 Sosa alipiga homurani 63, jambo kubwa, lakini pia alitolewa kwa strayiki mara 171, na kiwango chake cha kufika besi kilikuwa .367. Edgar Martinez alipiga homurani 24 tu, ila alifika besi kwa kiwango cha .447, cha juu kuliko wote katika Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, mwaka huo. Kwa lugha ya mezani: katika kila mara 100, Edgar anafika karibu mara 45, Sosa karibu 37. Umeshaona hapo juu tofauti ya hatua 6 inafanya nini. Hii ni 8.

Nikupe na upande wa pili, maana siyo haki kumpaka Sosa tope. Homurani ni homurani: haihitaji mwenzako afuatie, na mkimbiaji aliye besi ya kwanza anarudi nyumbani bila kubahatisha. Zaidi ya hayo Sosa analinda uwanja wa nje, wakati Edgar miaka ile alikuwa mpigaji wa kuteuliwa, anayepiga bila kulinda. Kama una wapigaji wa kuteuliwa watatu na huna mlinzi wa kulia wa maana, Sosa angekufaa. Lakini kwa maelezo yako, wenye homurani umejaza tayari na unachokosa ni wanaofika besi. Ukimtoa Edgar unaongeza ulichonacho na kupunguza usichonacho. Sosa mtafute kwa kadi nyingine.

Halafu hili la benchi. Nadhani ulimweka Edgar huko kwa sababu mpigaji wa benchi anahesabiwa moja ya tano tu ya pointi zake, na hesabu ikapendeza. Ni kanuni nzuri, ila inafaa kwa mtu utakayemwingiza mara moja kipindi cha nane, na besi zimejaa. Mpigaji wa 45 kwa 100 anayekaa kitini vipindi saba ni hasara, hata kama umempata kwa bei ya tano. Mpandishe awe mpigaji wa kuteuliwa. Pointi zake zitahesabiwa zote, na wewe una pointi 10 tu zilizobaki, kwa hiyo kuna mtu lazima ashuke. Hapo ndipo tunamfikia mrushaji wako ghali.

Watu wengi huamini mrushaji hupimwa kwa Control peke yake. Kwa mpigaji nimekuambia On-Base ni mfalme. Kwa mrushaji mambo yanageuka, na wengi hawaoni. Rudi kwenye mpigaji wetu wa On-Base 10 mwenye nafasi 152. Mrushaji wa Control 4 akipanda hadi 5, zinashuka hadi 140. Akibaki na 4 lakini jedwali lake likaongezwa auti moja, 1 hadi 17, zinashuka hadi 138. Jedwali limeshinda kidogo! Sababu ni rahisi: mrushaji ndiye anayeshinda dadu ya kwanza mara nyingi, mara 14 kati ya 20 katika mfano huu, kwa hiyo jedwali lake ndilo linalofunguliwa zaidi. Mrushaji wa Control 4 mwenye auti 1 hadi 18 anamwachia mpigaji huyu nafasi 124. Yule wa Control 6 mwenye auti 1 hadi 16 anamwachia 128. Wa kwanza mara nyingi utampata kwa pointi pungufu, kwa sababu macho ya watu yako kwenye ile namba kubwa.

Hili lina mpaka wake. Ukikutana na wapigaji wenye On-Base kubwa sana, mrushaji anashinda dadu ya kwanza mara chache, jedwali lake linafunguliwa mara chache, na Control inarudi kuwa na thamani zaidi. Dhidi ya kijana wako, ambaye nadhani amejaza On-Base nzuri bila kupita kiasi, tafuta vyote viwili kwa kiasi. Usilipie Control 6 kwa kumtazama machoni tu.

Tazama pia namba ya vipindi kwenye kadi ya mrushaji. Akiipita, anachoka, na Control yake inapungua moja kwa kila kipindi cha ziada. Nimeshaona watu wenye nyota wa vipindi 7 wakimng'ang'ania mpaka wa tisa kwa sababu "ni ghali", huku mrushaji wa akiba mwenye jedwali zuri amekaa. Ukimaliza namba yake, mtoe, hata kama amekuwa akifanya maajabu. Na kama mnacheza mfululizo ambapo warushaji wanne wa kuanza wanapokezana, huyo mmoja wa bei kubwa anakusaidia mechi moja kati ya nne. Mechi tatu nyingine pointi zake zimelala.

Hiyo ndiyo sababu nakuambia uache zile shilingi 150,000. Sijui ni kadi ipi, na muuzaji hakukuambia Control, auti wala mwaka. Amekuambia hutafungwa tena, maneno ambayo hata Control 6 haiwezi kuyatimiza. Mrushaji haongezi hata mbio moja kwenye kikosi chako. Kama tatizo ni wapigaji wasiofika besi, utalipa pesa nyingi ili ufungwe 2-1 badala ya 5-1. Pesa hizo zinanunua mipira na glavu mbili za mtumba, na bado vijana wanaohitaji glavu unao.

Ulinzi nitaugusa kwa haraka, lakini usiupuuze. Mpira wa chini, GB, ukipigwa na mkimbiaji yuko besi ya kwanza, upande unaolinda unatupa dadu, unaongeza jumla ya ulinzi wa walinzi wanne wa ndani, na jumla hiyo ikizidi kasi ya mpigaji wanatolewa wawili kwa mpigo. Walinzi wenye jumla ya 8 dhidi ya mpigaji wa kasi 15 wanafanikiwa mara 13 kati ya 20. Wenye jumla ya 4 wanafanikiwa mara 9. Ukiwa na mpigaji mzito wa kasi 10 mbele ya walinzi wa 8, ni mara 18 kati ya 20, karibu kila mara. Wapigaji wa homurani mara nyingi ni wazito, kwa hiyo kikosi chako kinaweza kuwa kinapoteza wakimbiaji wachache ulionao kwa njia hii. Mechi ijayo, weka alama daftarini kila unapotolewa wawili kwa mpigo. Zikiwa nyingi, umepata jibu jingine. Shotistopu, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, na mlinzi wa besi ya pili ndio wa kuwalipia ulinzi. Mlinzi wa besi ya kwanza mlipie apige.

Basi kazi ya jioni ni hii. Andika wapigaji wako tisa kwa mstari. Kwa kila mmoja: On-Base toa 4, zidisha na namba zisizo auti, kisha 20 toa jibu la ile hatua ya kwanza, zidisha na 4, jumlisha. Pembeni andika pointi zake. Mwenye nafasi chini ya 140 kati ya 400 na pointi nyingi ndiye wa kumshusha, hata kama jina lake ni kubwa. Mwenye nafasi 150 na kitu kwa pointi chache ndiye uliyekuwa unampita kwenye sanduku. Ukijaza tisa ambao hakuna aliye chini ya 140, rudi uangalie nafasi za ulinzi: unahitaji mdakaji, walinzi wanne wa ndani na watatu wa nje, na kwa kawaida kadi huchezeshwa mahali ilipoandikiwa. Hapo utalazimika kukubali mpigaji dhaifu mmoja, kwa kawaida mdakaji au shotistopu. Mweke wa tisa, usigombane naye.

Usishangae pointi zikikupinga. Pointi ni bei aliyopanga mtengenezaji, na ameweka humo kasi, ulinzi, homurani na On-Base kwa pamoja. Kikosi cha 4,990 si lazima kiwe bora kuliko cha 4,700. Kimetumia zaidi, basi.

Kuna jaribio moja litakaloonyesha zaidi ya hesabu zangu zote. Mwombe kijana mbadilishane vikosi kwa mechi kadhaa, yeye acheze na McGwire wako, wewe na wasiojulikana wake. Akiendelea kukufunga akiwa na kikosi chako, kikosi hakina kosa kubwa. Anakushinda kwa kupanga zamu za kupiga, kutoa mrushaji kwa wakati na kutumia kadi za mbinu. Usione haya kumwuliza. Ukianza kushinda wewe, tumepata mgonjwa.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatatua. Mkianza kubishana kuhusu kanuni, hasa kukimbilia besi ya ziada na kuiba besi, tafuteni mtu aliyewahi kucheza akae nanyi mezani mchana mmoja, kwa sababu kanuni ziliongezwa toleo hadi toleo na kumbukumbu za watu zimechanganyika. Makocha wa besiboli wa Kampala na Mukono waliofanya kazi na wageni huwa na mtu wanayemjua. Ukitaka kununua kadi yoyote ya zaidi ya elfu chache, usilipe kwa simu kabla hujaishika: iangalie mchana, zile zenye kung'aa huchubuka upesi, na kadi iliyokaa kwenye unyevu hujikunja ikawa inatambulika hata ikigeuzwa. Zipo pia kadi zilizochapishwa na wapenzi wa mchezo wenyewe baada ya 2005. Za kuchezea ni nzuri tu, lakini hazistahili bei ya kadi halisi. Na ukiona vijana wameanza kuweka hela ya chakula juu ya mechi hizi, hilo lipeleke kwa mkuu wa shule na wazazi, siyo kwangu.

Ukimaliza ule ukurasa, niandikie On-Base, namba za auti, kasi na pointi za wapigaji wako tisa, na Control, auti na vipindi vya warushaji wanne. Majina unaweza kuyaacha.